Yairo Anangoja Njiani

Marko anaandika kwa kasi. Injili yake ndiyo fupi kuliko zote nne, na mambo yanafuatana humo bila kupumzika: Yesu anatoka sinagogi, anaingia nyumbani mwa watu, anavuka ziwa, anakutana na umati ufukoni. Ndiyo maana sura ya 5 hunizuia kila ninapoifikia. Yairo, mkuu wa sinagogi, ameanguka miguuni pa Yesu. Binti yake wa miaka 12 yu karibu kufa. Yesu anakubali kwenda naye. Kama kuna safari ya dharura katika Injili, basi ni hii. Na katikati ya safari hiyo Yesu anasimama.

Anasimama kwa sababu mtu amegusa vazi lake. Wanafunzi wanashangaa: umati wote huu unakusonga, nawe unauliza nani amekugusa? Mwanamke mwenyewe amekwisha kupona, ugonjwa umemtoka pale pale. Ukihesabu kazi kwa matokeo, hapo hakuna kilichobaki. Yesu angeendelea na safari, mama yule angerudi kwake akiwa mzima, na Yairo angewahi nyumbani. Lakini Yesu anatazama huku na huku mpaka mwanamke anajitokeza akitetemeka, anaanguka mbele yake na kumweleza ukweli wote. Miaka 12 ya kutokwa damu. Waganga wengi waliomtesa. Mali yote imekwisha, na hali imezidi kuwa mbaya. Habari ya namna hiyo haielezwi kwa dakika moja, hasa na mtu ambaye kwa miaka hiyo yote hakupata wa kumsikiliza. Yesu anaisikiliza barabarani, mbele ya watu, huku baba mwenye mtoto anayekata roho amesimama kando akingoja.

Tukisoma kifungu hiki tunapenda kukimbilia mwisho wake, binti anapoinuka na Yesu anapoagiza apewe chakula. Tunaujua mwisho, kwa hiyo kungoja kwa Yairo hakutuumi. Yeye hakuujua. Alichosikia pale njiani ni wajumbe wakimwambia, "Binti yako amekwisha kufa." Aliisikia habari hiyo Yesu akiwa bado anazungumza na mtu mwingine.

Kwa nini Yesu alisimama? Jibu langu, baada ya kukaa na kifungu hiki kwa muda mrefu, ni kwamba uponyaji wa mwili haukuwa yote aliyotaka kumpa mwanamke yule. Alitaka kumwona uso. Alitaka asikie akiitwa "Binti", neno ambalo katika Injili hatusikii Yesu akimwita nalo mwanamke mwingine yeyote. Haraka ingempa afya na kumwacha mafichoni alikokuwa.

Watu wengi wanapozungumza juu ya kupunguza mwendo katika maisha ya imani, huanzia kwenye uchovu. Wanasema tumechoka, akili zinahitaji utulivu, miili inadai usingizi. Ni kweli, na Mungu mwenyewe alimlaza Eliya chini ya mti na kumlisha mara mbili kabla hajasema naye neno kule Horebu. Ila mimi naona uchovu ndio hasara ndogo zaidi. Hasara kubwa ni kwamba haraka hutunyang'anya uwezo wa kupenda. Mtu anayekimbia anaweza kuhubiri, kuimba, kutoa sadaka, kuongoza kamati, hata kuombea wagonjwa wakapona. Asichoweza ni kumsikiliza mtu mpaka mwisho.

Mwaka 1973 wanasaikolojia wawili wa Marekani, John Darley na Daniel Batson, walichapisha utafiti ambao natamani usomwe na kila mtu anayejiandaa kwa huduma. Waliwachukua wanafunzi 40 wa Princeton Theological Seminary na kumtuma kila mmoja aende jengo jingine kutoa hotuba fupi. Wengine walipewa mada ya Msamaria Mwema, wengine mada ya kazi ambazo mhitimu wa seminari anaweza kuzifanya. Kisha baadhi wakaambiwa wana muda wa kutosha, baadhi waende sasa hivi, na baadhi kwamba wamekwisha kuchelewa na wanangojwa. Njiani, kwenye mlango wa njia nyembamba, alikuwa amekaa mtu aliyejikunyata, macho ameyafumba, akikohoa na kuguna. Miongoni mwa wasiokuwa na haraka, asilimia 63 walitoa msaada. Waliokuwa na haraka kiasi, asilimia 45. Walioambiwa wamechelewa, asilimia 10.

Mada ya hotuba haikuleta tofauti ya maana. Watafiti waliandika kwamba kuna waliokuwa wakienda kuzungumza juu ya Msamaria Mwema ambao walimruka mtu yule na kuendelea na safari. Sidhani kama walikuwa wanafiki. Kulikuwa na mtu anayewangoja upande wa pili, nao hawakutaka kumwangusha. Hilo ndilo linalonitisha katika utafiti huu, kwa kuwa sababu yao ya kuharakisha ilikuwa njema, ilikuwa ya huduma, na ilitosha kuwapofusha.

Tazama jinsi maisha ya waumini wengi yalivyopangwa. Ibada inaisha na matangazo yanaanza: kamati ya jengo ikutane upande huu, kwaya ibaki, walimu wa watoto wasiondoke, viongozi wa vikundi waonane na mzee wa kanisa mara moja. Kila mtu anawahi mahali. Aliyekuja na msiba moyoni anapewa mkono na kuambiwa, "Tutakuombea." Jioni simu inajaa mistari ya Biblia iliyotumwa na kutumwa tena, na kila mstari unajibiwa "Amina" na watu ambao hawajausoma. Mahubiri tunayasikiliza kwa kasi iliyoongezwa ili tuyamalize mawili badala ya moja. Yote haya ni mambo mema. Ukiyaweka pamoja, tunakuwa watu walioambiwa kwamba wamechelewa.

Kwangu mabadiliko yalianzia kwenye kusoma. Biblia ina sura 1,189, na anayetaka kuimaliza kwa mwaka anahitaji sura tatu na ziada kila siku. Mipango mingi ya usomaji imejengwa juu ya hesabu hiyo, na siipingi, kwa sababu mtu anahitaji kuyajua Maandiko yote tangu yanapoanza mpaka yanapoishia. Lakini kwa muda mrefu sasa ninakaa katika kitabu kimoja. Ninasoma kipande kifupi kwa sauti, kesho ninakirudia, keshokutwa ninasoma kinachofuata. Guigo wa Pili, mtawa wa shirika la Wakartusi katika karne ya 12, aliandika juu ya ngazi yenye vipandio vinne: kusoma, kutafakari, kuomba, kisha kutulia mbele za Mungu. Naona kipandio cha pili ndicho tunachokiruka zaidi. Tunasoma, tunaomba, tunaondoka. Katikati hapakuwa na nafasi ya neno kutuuliza lolote.

Kusoma taratibu kumenirudishia pia vitabu vikiwa vizima. Namba za mistari tunazozitumia katika Agano Jipya ziliwekwa na mchapaji Robert Estienne mwaka 1551. Zinasaidia sana kutafuta, ila zimetuzoesha kuchomoa. "Nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu" imeandikwa kwenye fulana na kwenye vioo vya magari, na wengi huisikia kama ahadi ya kushinda. Soma Wafilipi yote kwa sauti, kama ilivyosomwa mara ya kwanza mbele ya kanisa. Ni sura nne tu, nusu saa haiishi. Utakutana na mfungwa anayesema amefundishwa kushiba na kuona njaa, kuwa na vingi na kupungukiwa, halafu ndipo anasema anayaweza yote. Kwa hiyo ndani ya hayo yote, njaa nayo imo. Aliyesoma mstari mmoja kwa sekunde tano ana Paulo tofauti kabisa na yule aliyekuwa gerezani.

Hapa niwapinge kidogo wanaodhani kwamba kwenda taratibu ni kufanya machache. Benedikto wa Nursia, aliyewaandikia watawa kanuni yake katika karne ya 6, aliwataka wamalize zaburi zote 150 kila wiki, na akawakumbusha kwamba baba zao waliotangulia walizimaliza kwa siku moja. Hao hawakuwa wavivu, wala hawakuwa wakitafuta starehe ya kiroho. Walikuwa na zamu. Sala ilikuwa na saa yake, kazi ya mikono ilikuwa na saa yake, kusoma kulikuwa na saa yake, na kengele ilipolia kwa ajili ya sala kazi iliachwa ilipofika. Saa za mitambo zilipoanza kuonekana Ulaya mwishoni mwa karne ya 13, nyingi za mwanzo ziliwekwa makanisani na katika nyumba za watawa. Chombo kinachotukimbiza leo kilihitajika ili watu wakumbuke kuacha walichokuwa wakifanya na kwenda kuomba. Mimi nimeirudisha simu yangu kwenye kazi hiyo: mlio wa mchana ni wa kunisimamisha, na ukilia ninasema Baba Yetu polepole, nikikaa kwenye ombi moja tu kwa siku. Ombi la kusamehe kama tunavyosamehe, ukilipa siku nzima, litakupitisha kwenye majina ya watu usiopenda kuwafikiria.

Juu ya siku ya kupumzika nina mengi zaidi ya kusema. Mjadala wa Jumamosi na Jumapili sitauingia. Una watu wake, nao wanaujua vizuri. Ninachotaka tukitazame ni kwamba amri hii imetolewa mara mbili, kwa sababu mbili. Katika Kutoka 20 watu wanaambiwa wapumzike kwa kuwa Mungu alifanya kazi siku sita, akastarehe siku ya saba. Katika Kumbukumbu la Torati 5 sababu ni nyingine: ulikuwa mtumwa katika nchi ya Misri, na Bwana alikutoa huko. Farao hakuwa na siku ya saba. Kwake thamani ya mtu ilikuwa idadi ya matofali, na Musa alipoomba ruhusa watu waende jangwani kumwabudu Mungu, jibu lake lilikuwa kwamba ni wavivu, wakusanye nyasi zao wenyewe na idadi isipungue. Neno hilo la Farao bado linasikika vichwani mwetu tukikaa saa moja bila kufanya kitu. Wengi wetu tunaitii sauti hiyo tukidhani ni dhamiri.

Hata kabla ya Sinai, kwenye habari ya mana katika Kutoka 16, Mungu alikuwa ameanza kuwafundisha. Siku ya sita waliokota mara mbili, na siku ya saba mana haikushuka. Wengine walitoka kuitafuta hata hivyo, wasiione. Ninawaelewa kabisa. Watu waliotoka utumwani hawawezi kuamini kwa wiki moja kwamba kula hakutegemei kutoka nje kila siku. Imani hiyo hufundishwa mwilini, kwa kukaa ndani siku ya saba na kukuta jana imetosha, wiki baada ya wiki.

Na amri ile ya Kumbukumbu la Torati inaendelea mahali ambapo mahubiri juu ya pumziko hayafiki mara nyingi. Inamtaja mtumishi wa kiume na wa kike, ng'ombe, punda, na mgeni aliye ndani ya malango, na inasema wazi kwamba watumishi wapumzike kama wewe. Ina maana pumziko langu likikaa juu ya mgongo wa mtu mwingine, amri bado sijaitimiza. Familia inakwenda ibadani na kurudi kujinyoosha, huku msaidizi wa nyumbani amesimama tangu alfajiri ili meza iwe tayari. Bosi aliyeokoka yuko kwenye mafungo milimani, na wafanyakazi wake wanapokea ujumbe wake usiku wakitakiwa kujibu. Maisha ya taratibu yanayonunuliwa kwa haraka ya wengine hayana uhusiano na Mungu aliyewatoa watu Misri. Nalisema hili kwa uzito kwa sababu utulivu umekuwa pambo siku hizi: kona nzuri, daftari zuri, mshumaa, picha. Sina neno na mshumaa. Nauliza tu nani anafanya kazi mara mbili ili wewe uuwashe.

Kuna anayesoma haya akiwa na kazi mbili na watoto wadogo watatu, au anamuuguza mzazi usiku na mchana. Kumwambia mtu huyo apunguze mwendo ni kumwongezea mzigo. Kwake namkumbuka Ndugu Lawrence, mtawa wa shirika la Wakarmeli huko Paris katika karne ya 17, aliyetumika miaka mingi katika jiko la nyumba ya watawa. Alisema kwamba kwake muda wa kazi haukutofautiana na muda wa sala. Lakini kumpa mama aliyechoka habari za Lawrence hakutoshi. Kanisa lake limpe saa mbili. Mtu akae na watoto, mtu akae na mgonjwa, yeye alale. Akilala saa hizo mbili, sisi wengine tutakuwa tumeitunza amri ile ya siku ya saba vizuri kuliko kwa kumhubiria.

Mwendo huu unahusu pia jinsi tunavyowapokea watu katika imani. Maagizo ya kale ya kanisa yanayohusishwa na Hipolito wa Roma yanataka wanaojiandaa kwa ubatizo walisikilize neno kwa miaka mitatu. Kisha yanaongeza kwamba mtu akiwa na bidii, kinachoamuliwa ni mwenendo wake, siyo muda. Na wakati wa ubatizo ulipokaribia kulikuwa na maswali: je, aliishi kwa uadilifu? Je, aliwaheshimu wajane? Aliwatembelea wagonjwa? Siombi tuirudishe miaka mitatu. Natamani tuyarudishe maswali yale, ambayo hayajibiki kwa kunyoosha mkono. Ili kujua kama mtu anawatembelea wagonjwa, lazima mwenyewe uwe umekaa karibu naye kwa muda.

Kanisa lile la mwanzo, dogo na lenye maadui, liliandika sana juu ya uvumilivu. Tertuliano, mwandishi Mkristo wa mji wa Karthago, alitunga kitabu kizima juu yake karibu na mwaka 200, akianza kwa kukiri kwamba yeye mwenyewe ni mgonjwa wa homa ya kukosa uvumilivu. Mnamo mwaka 256 Sipriano, askofu wa mji ule ule, akaandika cha kwake. Watu hao waliweza kukamatwa wakati wowote. Walikuwa na kila sababu ya kuharakisha, na wakaona fadhila ya kuifundisha ni kungoja.

Najua hoja ya upande wa pili, na ni hoja yenye nguvu. Paulo anasema tuukomboe wakati kwa maana zamani hizi ni za uovu. Watu wanakufa bila kusikia Injili, tutakaa vipi? Lakini Paulo huyo huyo, baada ya kuitwa, alikwenda Arabuni, na miaka mitatu ikapita kabla hajapanda Yerusalemu kuonana na Kefa, yaani Petro. Alipofika Efeso alikaa miaka mitatu, akiwaonya watu mmoja mmoja usiku na mchana kwa machozi, kama alivyowakumbusha wazee wao. Mtu hawezi kulia na watu mmoja mmoja huku akipita mbio.

Hata pumziko lenyewe linaweza kushikwa kwa ukali usiofaa. Katika Marko 6 mitume wamerudi kutoka kwenye kazi yao, na watu wanaingia na kutoka hata nafasi ya kula hakuna. Yesu anawaambia waende mahali pasipo na watu, wakapumzike kidogo. Wanapanda mashua. Wakishuka, umati umekwisha kufika kwa miguu. Mpango umeharibika, na Yesu anawahurumia wale watu, anaanza kuwafundisha mambo mengi. Baadaye anawakalisha kwenye majani mabichi, safu safu, wanakula. Kisha anawatanguliza wanafunzi kwa mashua, anauaga umati yeye mwenyewe, anapanda mlimani kuomba. Mpango wangu wa asubuhi nao huvunjwa na mtoto anayelia au na simu ya mtu aliye taabani, na sioni tena kwamba wamenikatiza ibada. Ninarudi mlimani jioni.

Kikundi chetu cha kujifunza Biblia kina kanuni moja tuliyokubaliana: mtu akieleza jambo lake asikatizwe na yeyote, hata kwa mstari wa Maandiko. Mwanzoni kimya kile kilitusumbua, kwa sababu wote tumezoea kutoa jibu. Jioni moja mama mmoja alianza kueleza habari za mwanawe, habari ndefu yenye kurudi nyuma na kusimama, na kipindi chote kikaishia hapo. Somo la Waefeso lililokuwa limeandaliwa lilisogezwa mpaka wiki iliyofuata, na wiki hiyo tulipokutana, kabla ya kufungua Waefeso, tulianza kwa kumwuliza mwanawe anaendeleaje.